Kujaza Upya Risasi na Usahihi wa Shabaha

Kujaza upya risasi ni kazi ya kulichukua ganda ambalo limekwisha kufyatuliwa, kulisafisha na kulirudisha katika umbo lake, kisha kulitia fataki mpya, baruti iliyopimwa na kichwa kipya, ili litumike tena katika bunduki ileile lilimotoka. Kabla ya kuingia ndani ya kazi hiyo inafaa msamiati utenganishwe, kwa kuwa katika Kiswahili neno risasi hubeba maana tatu kwa pamoja: madini laini ya kijivu, kipande kinachoruka kutoka mtutuni, na kitu kizima kinachotiwa bundukini kabla ya kufyatua. Katika makala haya risasi ni kitu kizima. Kinachoruka kinaitwa kichwa, kikombe cha shaba nyeupe kinachobeba vyote kinaitwa ganda, na kidude kidogo kilicho kitakoni mwa ganda, ambacho hugongwa na pini kikatoa cheche, kinaitwa fataki. Bunduki inayozungumziwa ni raifo, yaani bunduki ambayo ndani ya mtutu wake kumechongwa michirizi inayozunguka kama uzi wa skrubu ili kichwa kitoke kikiwa kinajizungusha. Bunduki ya marisau haimo katika mjadala huu.

Kwa namna fulani kazi hii si ngeni. Mwindaji wa gobore, iwe katika Tabora au Ukambani, alikuwa mjazaji wa risasi zake mwenyewe kila alipomimina baruti mtutuni, akaishindilia kwa mdeki na kuifungia kwa kitambaa, na aliyekuwa na kipimo maalumu cha pembe au cha mwanzi alilenga vizuri kuliko aliyekadiria kwa kiganja. Hata hivyo mfano huo una mpaka wake, na mpaka huo ni wa hatari. Gobore hutumia baruti nyeusi, ilhali raifo za leo hutumia baruti isiyotoa moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliifanikisha mwaka 1884 kwa kutumia pamba iliyotiwa asidi. Baruti hiyo ikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa huzidisha kasi ya kuungua kadiri mgandamizo unavyopanda. Kosa dogo la kipimo, ambalo kwenye gobore lingeishia kwenye moshi mwingi na bega kuuma, kwenye raifo laweza kupasua chuma karibu na uso wa mlengaji.

Suala la sheria nalo lazima litangulie mizani. Kazi hii imestawi zaidi Marekani, ambako mtu anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu, ingawa anayezijaza ili auze huihitaji. Uingereza, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006, mnunuzi wa fataki hutakiwa kuonyesha cheti cha bunduki, na Ujerumani mjazaji hupitia mafunzo na kupewa kibali chini ya sheria ya vilipuzi. Kenya na Tanzania hali ni nyingine kabisa, kwa kuwa utengenezaji wa risasi bila leseni ni kosa la jinai, na leseni ya kumiliki bunduki haimpi mwenyewe ruhusa ya kuzijaza nyumbani. Msomaji aliye Arusha au Nanyuki basi ayasome yanayofuata kama elimu ya jinsi risasi inavyofanya kazi, itakayomsaidia kuchagua ya dukani kwa akili. Aliye Minneapolis au Houston, mwenye bunduki halali na karakana ndogo nyuma ya nyumba, anaweza kuyatenda.

Usahihi unaotafutwa hapa ni wa aina moja tu. Bunduki inayopiga mahali pamoja kila mara, hata kama mahali hapo ni sentimita kumi kushoto mwa alama, ni bunduki sahihi yenye darubini isiyorekebishwa, na kuzungusha kitufe cha darubini kutaimaliza shida hiyo kwa dakika moja. Bunduki inayotawanya matundu huku na huko kuizunguka alama haiponi kwa kitufe chochote. Kujaza upya hutibu ugonjwa huu wa pili, yaani mtawanyiko. Kipimo cha mtawanyiko ni kundi, nalo ni umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, kuanzia kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha jingine, na walengaji hupenda kuueleza kwa dakika ya pembe, ambayo ni sehemu moja ya sitini ya digrii. Katika mita 100 dakika moja ya pembe ni takriban milimita 29, katika mita 300 ni milimita 87, na faida ya kipimo hicho ni kwamba hukua pamoja na umbali, kiasi kwamba makundi yaliyopigwa kwenye viwanja tofauti yanaweza kulinganishwa.

Kwa nini risasi iliyojazwa kwa mkono ipunguze mtawanyiko? Sababu ya kwanza ni usawa, kwa maana kwamba mjazaji mvumilivu anaweza kuzifanya risasi hamsini zifanane kuliko mashine inayotoa maelfu kwa saa. Sababu ya pili, ambayo mara nyingi ndiyo yenye nguvu, ni kwamba kiwanda hutengeneza risasi itakayoingia katika kila bunduki ya aina hiyo duniani, ikiwemo ile yenye chemba, yaani nafasi ya mtutu inamokaa risasi, finyu kuliko zote na ile iliyopanuka kuliko zote, kwa kufuata mipaka iliyowekwa na taasisi ya SAAMI ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1926, au na tume ya CIP ya Ulaya. Mjazaji hana mzigo huo. Yeye huijazia bunduki moja, ile iliyo kabatini mwake, na ganda lililokwisha kufyatuliwa ndani ya chemba hiyo limekwisha kuchukua umbo lake kama nguo iliyopelekwa kwa fundi na kupunguzwa kiunoni. Ni haki kusema pia kwamba risasi za mashindano za viwandani zimekuwa nzuri mno siku hizi, na mlengaji wa mita 100 anayepiga risasi mia mbili kwa mwaka hapati katika kujaza upya faida inayolingana na gharama ya vifaa.

Kabla ya kununua chochote, bunduki yenyewe ichunguzwe. Skrubu zinazoshika mtutu na kitako, zile zinazoshika darubini, mdomo wa mtutu uliopata mkwaruzo, na shaba iliyoganda ndani ya michirizi kwa kukosa kusafishwa, kila kimoja kati ya hivi huweza kufungua kundi kuliko kosa lolote la baruti. Mlengaji naye achunguzwe. Anayeupapasa ulimi wa bunduki kwa woga, akafumba macho pale unapokaribia kuachia, hatatibiwa na mizani ya dola elfu moja, na njia rahisi ya kumgundua ni rafiki kumchanganyia risasi za mazoezi zisizo na baruti wala fataki, kisha kutazama kama mtutu unainama pale ambapo hakuna mlio.

Uamuzi wa kwanza wa mjazaji ni kichwa, na uamuzi huo hautegemei sifa zilizoandikwa kwenye boksi bali unategemea mzunguko wa michirizi ya bunduki yake. Kichwa kirefu huhitaji kuzungushwa haraka zaidi ili kisipinduke hewani, kama pia ya mtoto ambayo ikizungushwa polepole huyumba na kuanguka. George Greenhill, mwanahisabati aliyefundisha maofisa wa mizinga huko Woolwich, alitoa mwaka 1879 kanuni ambayo bado hutumika kwa makadirio: kipenyo cha kichwa kizidishwe kwa chenyewe, jawabu lizidishwe kwa 150, kisha ligawanywe kwa urefu wa kichwa. Kichwa chenye kipenyo cha inchi 0.308 na urefu wa inchi 1.24 hutoa jawabu la karibu 11.5, maana yake ni kwamba mtutu unapaswa kukizungusha mara moja kamili katika kila inchi 11.5 au chini ya hapo. Mwenye mtutu unaozungusha mara moja katika inchi 12 anayekinunua kichwa hicho kwa kuwa tu bingwa fulani anakitumia huenda akawa amejinunulia mtawanyiko kwa pesa zake.

Vichwa vya shabaha hutofautiana na vya kuwindia kwa usawa wa gamba lake la nje la shaba na kwa unyoofu wa kitako chake. Jambo hilo la kitako lina historia yake. Daktari wa Kimarekani Franklin Mann, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1909 baada ya miaka mingi ya majaribio, aliviharibu vichwa kwa makusudi, vingine nchani na vingine kitakoni, akaona kwamba ncha iliyobondeka hudhuru kidogo tu ilhali kitako kilichopinda hulifungua kundi vibaya, kwa kuwa gesi inayotoka nyuma ya kichwa pale kinapouacha mdomo wa mtutu hukisukuma upande mmoja. Matokeo hayo hayajapitwa na wakati. Mjazaji anayezitupa ncha zilizojikunja na kuviacha vitako vyenye kovu amefanya kinyume.

Ganda ndilo linalokula muda mwingi wa kazi hii, na linastahili. Hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, madini yanayotanuka pale mgandamizo unapopanda, yakaziba chemba isivuje gesi, kisha yakanywea kidogo ili ganda litolewe. Sehemu zake huitwa kwa majina ya mwili: kitako, kiwiliwili, bega, shingo na mdomo. Likisha kufyatuliwa, shingo yake huwa imepanuka na haiwezi tena kukishika kichwa, bega lake limesogea mbele, na kiwiliwili kimejaza chemba. Kazi ya kulirudisha hufanywa na dai, kifaa cha chuma kigumu chenye tundu lenye umbo la risasi, kinachofungwa juu ya mashine ya mkono, na ganda lililopakwa mafuta maalumu hushindiliwa ndani yake kwa wenzo. Ganda lisilopakwa mafuta hunasa humo, na kulitoa ni adhabu ambayo kila mjazaji hupata mara moja.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kulirudisha ganda nyuma kupita kiasi. Maelekezo yanayokuja na dai humwambia mnunuzi aikaze mpaka iguse kishikio cha ganda, naye akitii bila kupima, bega hurudishwa nyuma sehemu kubwa, na kila risasi inapofyatuliwa ganda hujinyoosha tena kulijaza pengo hilo. Madini ya kujinyoosha hutoka mahali pamoja, ukutani karibu na kitako, na baada ya kujazwa mara nne au tano ukuta huo huwa umekuwa mwembamba kama karatasi. Dalili ya nje ni mstari mng'avu unaolizunguka ganda, kiasi cha upana wa kidole juu ya kitako. Dalili ya ndani ni ya hakika zaidi, na chombo chake hakigharimu kitu: waya wa kubania karatasi hunyooshwa, ncha yake ikakunjwa kidogo kama ndoana na kunolewa, kisha ukateremshwa ndani ya ganda mpaka chini na kuvutwa juu taratibu huku ukikwaruza ukuta. Ganda zima hutoa mkwaruzo laini usiokatika. Ganda linalokaribia kukatika huinasa ncha ya waya kwenye mfereji ambao jicho haliuoni, na hapo ganda hilo hupondwa kwa koleo ili lisirudi kwenye kundi la mengine kwa bahati mbaya. Bega la ganda lililoandaliwa vizuri hurudishwa nyuma kiasi cha milimita 0.03 hadi 0.05 tu, likipimwa kwa kalipa na kidude chake cha kulinganishia mabega, na walengaji wa mashindano wengi hulirudisha ganda lote kwa kiasi hicho kidogo badala ya kuirudisha shingo pekee, kama wengi walivyokuwa wakifundishwa zamani.

Shingo hubeba jambo la pili, yaani mbano. Ikiwa shingo moja hukibana kichwa kwa nguvu na nyingine kwa ulegevu, vichwa huachia katika mgandamizo tofauti na kasi zake hutofautiana. Kila mara shingo inapopanuka na kubanwa huzidi kuwa ngumu, hivyo baada ya mizunguko kadhaa hutiwa moto ili ilainike, na moto huo lazima uishie shingoni na begani. Kitako kikipata joto hilo hulegea, na ganda lenye kitako laini si la kutumiwa tena kwa hali yoyote. Urefu wa ganda nao hupimwa na kukatwa unapozidi, kwa sababu mdomo uliorefuka ukigota mwishoni mwa chemba hukibana kichwa kisitoke na mgandamizo hupaa.

Kuhusu fataki maneno machache yanatosha. Zipo za mtindo wa Boxer, jina la kanali wa Kiingereza, ambazo ganda lake huwa na tundu moja la cheche katikati, na za mtindo wa Berdan, Mmarekani wa wakati huohuo, ambazo ganda lake huwa na matundu mawili na kifuawe ndani yake. Kwa mzaha wa historia Wamarekani hutumia ya Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya Mashariki yalitumia ya Mmarekani. Maganda ya Boxer hung'olewa fataki kwa pini moja na kujazwa kwa urahisi, ilhali maganda ya chuma ya milimita 7.62 kwa 39 yaliyotapakaa katika sehemu nyingi za Afrika ni ya Berdan na hayana faida kwa mjazaji. Fataki hukaa chini kabisa ya kishimo chake, ikiwa imezama kidogo kuliko uso wa kitako, jambo linalokaguliwa kwa kupitisha ncha ya kidole juu ya kila ganda.

Sasa baruti. Kiasi chake hupimwa kwa greni, kipimo kidogo ambacho 7,000 yake hufanya ratili moja na greni moja ni gramu 0.065. Kiasi hicho hakikisiwi, hakiulizwi kwa rafiki wala hakiokotwi mtandaoni, bali hutoka katika vitabu vya majedwali vinavyochapishwa na watengenezaji wa baruti na wa vichwa wenyewe, waliokwisha kupima mgandamizo kwa mitambo ambayo hakuna karakana ya nyumbani iliyo nayo. Jedwali hutoa kiwango cha kuanzia na kiwango cha mwisho kwa kichwa fulani na baruti fulani, na mjazaji huanza chini, akipanda kidogo kidogo huku akisoma maganda yake. Kikomo cha SAAMI kwa risasi ya .308 Winchester ni ratili 62,000 kwa inchi ya mraba, karibu mara 1,900 ya upepo uliomo katika tairi la gari dogo, na mgandamizo huo hutokea inchi chache mbele ya jicho. Boliti, yaani komeo la bunduki, inayokuwa nzito kufunguka, alama ya tundu la kichomoleo iliyogandamizwa kwenye kitako cha ganda, na fataki iliyolala bapa kabisa au iliyovuja masizi ni ishara za kurudi chini mara moja, na mjazaji asizisubiri zote tatu.

Juu ya meza huwepo kopo moja la baruti, si mawili, kwa kuwa punje za baruti mbili zenye tabia tofauti kabisa huweza kufanana rangi na umbo. Baruti iliyobaki kwenye kipimo hurudishwa koponi kabla mtu hajaamka, na ile isiyojulikana asili yake humwagwa bustanini, isihifadhiwe kwa huruma ya bei yake. Maganda yaliyokwisha kutiwa baruti husimamishwa kwenye trei ya mbao yenye matundu, na kabla ya kichwa cha kwanza kutiwa tochi hupitishwa juu yake, mstari kwa mstari: macho hutafuta ganda ambalo baruti yake iko juu au chini kuliko jirani zake. Ganda lililosahaulika bila baruti ni la hatari kama lile lililotiwa mara mbili, kwa sababu fataki peke yake ina nguvu ya kutosha kukisukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata hukuta njia imezibwa.

Je, mizani iwe na usahihi wa kiasi gani? Hapa fedha nyingi hupotea, na hesabu fupi yafaa kufanywa. Kichwa kinachotoka kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde hufika mita 100 kwa takriban sekunde 0.13, na katika muda huo hushuka karibu sentimita 8 kwa uzito wake. Risasi mbili zikitofautiana kasi kwa asilimia 1, yaani mita 8 kwa sekunde, mishuko yake hutofautiana kwa asilimia 2, ambayo ni chini ya milimita 2. Tundu la kichwa chenyewe ni pana kuliko tofauti hiyo mara nne. Lakini katika mita 900 kichwa cha .308 huwa kimeshuka zaidi ya mita 10 na kimepoteza sehemu kubwa ya kasi yake njiani, na asilimia ileile 1 humpa mlengaji tofauti ya zaidi ya sentimita 20 juu na chini. Hivyo mizani ya kawaida ya kielektroniki, inayosoma greni 0.1, humtosha kabisa mtu wa mita 100 na 200, ilhali mtu wa masafa marefu ana sababu ya kuhesabu punje, ambazo kwa baruti za vijiti huwa na uzito wa karibu greni 0.02 kila moja. Mizani yoyote ile iwekwe mbali na feni na dirisha, ipewe muda wa kupata joto la chumba, na ijaribiwe kwa jiwe lake kila baada ya dakika chache, kwa kuwa za bei nafuu huteleza kimyakimya.

Joto nalo huingia katika hesabu. Baruti ikipata moto huungua haraka zaidi, na risasi iliyojazwa hadi ukingo wa jedwali katika baridi ya Januari huko Minnesota yaweza kuvuka kikomo ikiachwa juu ya dashibodi ya gari mwezi Julai huko Arizona, au ikikaa dakika tano ndani ya chemba iliyokwisha kuchemka kwa kufyatua mfululizo. Anayejaza kwa ajili ya nchi ya joto hujaribu katika joto.

Kina cha kichwa ndani ya shingo ndicho kirekebisho cha mwisho, na mara nyingi ndicho chenye matokeo ya haraka. Kati ya kichwa kilichokaa kwenye chemba na mwanzo wa michirizi kuna pengo, ambalo kichwa hulivuka kikiwa hakijashikwa na kitu, nalo laweza kuitwa mruko. Baadhi ya vichwa hupenda mruko mfupi, vingine havijali, na njia ya kujua ni kupima mahali michirizi inapoanza, kisha kujaza makundi machache yenye mruko tofauti, kila moja likizidi jingine kwa robo ya milimita hivi. Kipimo kisichukuliwe kwenye ncha ya kichwa, kwa kuwa ncha hazilingani. Kichukuliwe pale unene unapofikia kuigusa michirizi, kwa kidude cha kulinganishia kinachofungwa kwenye kalipa. Kichwa kinachosukumwa mpaka kiiguse michirizi huongeza mgandamizo, na kinachozamishwa sana ndani ya ganda hupunguza nafasi ya baruti na kuuongeza vilevile, kwa hiyo kila badiliko kubwa la kina hurudisha kazi kwenye baruti ya chini.

Majaribio ndiyo sehemu ambamo wajazaji wengi hujidanganya, na wale wenye bidii hujidanganya kuliko wavivu. Makundi ya risasi tatu tatu yanayopigwa kwa viwango kumi vya baruti hutoa picha zinazotofautiana sana, na mlengaji huliona dogo kuliko yote, akalipiga picha na kutangaza kwamba amekipata kiwango. Mara nyingi hakupata kitu. Kwa hesabu za uwezekano, risasi zilezile kutoka bunduki ileile hutoa makundi ya tatu tatu ambayo moja laweza kuwa mara mbili ya jingine bila sababu yoyote isipokuwa bahati, na kundi la risasi kumi kwa wastani huwa kubwa kuliko la risasi tatu kwa zaidi ya nusu, hata kama hakuna kilichobadilika. Anayetaka ukweli hupiga makundi matatu au manne ya risasi tano, katika siku tofauti, akachukua wastani wake, na kundi baya asilifute kwa kisingizio kwamba risasi moja ilimponyoka, ila kama alitamka hivyo kabla ya kuangalia kwa darubini. Badiliko liwe moja kwa wakati: anayebadilisha fataki na kina kwa siku moja hatajua ni kipi cha kushukuru.

Yapo pia mambo ya kuachwa. Kung'arisha maganda mpaka yameremete ni urembo tu. Kuzichonga shingo zote ziwe na unene mmoja huwafaa wale wanaoshindana kwa kuegemeza bunduki mezani, ambao chemba zao zimechongwa finyu kwa makusudi na ambao wamekuwa wakitumia risasi kama ile ya 6 mm PPC, iliyobuniwa katika miaka ya 1970 na Lou Palmisano na Ferris Pindell. Kwa bunduki ya kawaida ya dukani kazi hiyo hailipi, na chemba pana yaweza hata kuipinga. Risasi ndogo za .22 zinazopigwa katika Olimpiki hazijazwi upya kabisa, maana kemikali ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na wachezaji wake hujaribu shehena tofauti za kiwanda mpaka waipate inayopendwa na mtutu wao. Mwindaji naye ana vipaumbele vingine. Walter Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya safari zake za kaskazini mwa Uganda, aliua tembo wengi kwa raifo ya milimita 7 ambayo wenzake waliiona ndogo mno, na hilo alilifanikisha kwa kuvipasua vichwa vya tembo na kujifunza ubongo ulipo, si kwa kulipunguza kundi lake kwa robo ya dakika.

Kinachobaki ni daftari. Kila boksi la risasi zilizojazwa hubandikwa karatasi yenye tarehe, ganda na idadi ya mara lilizojazwa, fataki, baruti pamoja na nambari ya shehena yake, uzito wake, kichwa na kina chake. Boksi lisilo na karatasi hufunguliwa kwa kuvuta vichwa, wala halipelekwi uwanjani. Shehena mpya ya baruti, hata ya jina lilelile, huanzwa tena kutoka chini. Na mwanzo wa michirizi hupimwa upya baada ya kila risasi mia tatu au mia nne, kwa kuwa gesi ya moto huula mahali hapo, mwanzo wa michirizi ukasogea mbele kidogo kidogo kuelekea mdomo wa mtutu, na kundi lililokuwa la sentimita mbili likafunguka hadi tatu ilhali mjazaji, ambaye hajabadilisha chochote mezani pake, anaitazama mizani kwa mashaka.